Nyimbo Zenye Majina: Mwongozo wa Kutunza Maktaba ya Muziki kwa Linux, Tarime na Serengeti

Fungua memori kadi iliyojazwa nyimbo Sirari, Tarime mjini au Mugumu, na mara nyingi utakutana na majina ya faili yasiyosema kitu: Track 01, Track 02, AUD-20190412-WA0007. Jina la aina hiyo ya mwisho hutolewa na WhatsApp yenyewe. Linakwambia siku ambayo sauti ilifika kwenye simu na namba yake siku hiyo, basi. Aliyepiga litungu, chombo cha nyuzi cha huku kwetu, ni nani, ni wa tarafa ya Inchugu au ya Ingwe, alipiga kwenye harusi ya nani na mwaka gani, hayo yote hayamo. Sauti bado ipo na unaweza kuicheza, lakini wimbo umeanza kupotea, kwa sababu hakuna tena anayeweza kuutafuta kwa jina, kumlipa aliyeutunga, au kuueleza kwa mtoto atakayeusikia miaka ishirini ijayo. Ninachodai katika mwongozo huu ni kwamba kazi kubwa ya mwenye maktaba ya muziki wilaya hizi mbili ni kuandika taarifa za nyimbo alizonazo na kuhakikisha taarifa hizo zinasafiri pamoja na sauti. Kulimbikiza nyimbo nyingi kunakuja baadaye. Kompyuta ya zamani yenye Linux inatosha kuifanya kazi hiyo, na jamaa zako walio kwenye simu ndio pekee wenye majibu utakayoyahitaji.

Kwa nini taarifa ije kwanza

Ushahidi upo kwenye historia ya kurekodi muziki Afrika Mashariki. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita eneo hili mwaka 1950 na tena 1952 akirekodi muziki wa asili, kisha mwaka 1954 akaanzisha nchini Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi kama ILAM. Kwa kila wimbo iliandikwa kadi: mwimbaji, mahali, lugha, chombo na tarehe. Kwa sababu ya kadi hizo, zaidi ya miaka sitini baadaye iliwezekana kurudi Kenya, kwa Wakipsigis na wengineo, na kuzikabidhi jamii nakala za sauti za watu wao. Kama kanda zile zingeandikwa namba tu, leo zingekuwa sauti nzuri zisizo na mwenyewe.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 Shirati, eneo ambalo lilikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipotengwa kuwa wilaya yake mwaka 2007. Akavuka kwenda Kenya na kuwa mmoja wa wakubwa wa muziki wa benga hadi alipofariki mwaka 2006. Kundi lake lilirekodi kwa majina zaidi ya moja, yakiwemo Victoria Jazz na Shirati Jazz, na yeye mwenyewe utamkuta kama D.O. Misiani au Daniel Owino. Mtu asiyejua hayo atadhani ana kazi za wasanii watatu au wanne. Ikiwa msanii aliyerekodiwa kwenye santuri na kusikika hadi Ulaya anaweza kutawanyika hivyo, mpiga litungu wa Nyamwaga aliyerekodiwa kwa simu ya jirani ana hatari kubwa zaidi. Muziki wa Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye upande wa Serengeti uko katika hali hiyo hiyo, tena wenye kuuelewa ni wachache kuliko wa Kikurya.

Utajibiwa kwamba siku hizi kila kitu kiko YouTube, kwa hiyo kutunza faili ni kujichosha. YouTube ni mahali pazuri pa kusikiliza na kugundua, ila haikuahidi kukutunzia chochote. Mtu aliyepandisha wimbo anaweza kuufuta, akaunti yake inaweza kufungwa, na wewe unalipa bando kila unaposikiliza. Mwezi Machi 2019 ilijulikana kwamba MySpace, mtandao uliowahi kuwa kimbilio la wanamuziki duniani, ulikuwa umepoteza karibu muziki wote uliopandishwa humo kabla ya 2016. Ilitajwa idadi ya nyimbo zaidi ya milioni 50. Hapa nyumbani tuna funzo linalofanana. Kwa miaka mingi baada ya uhuru bendi nyingi za Tanzania zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki huko. Wimbo uliokuwa na nakala moja tu katika jengo moja ulitegemea hali ya jengo hilo. Walioukinga zaidi ya hapo ni wasikilizaji waliourekodi kwenye kaseti kutoka redioni na kuandika jina kwenye kava.

Kompyuta gani, na kwa nini Linux

Simu inatosha kusikiliza, ila haitoshi kupanga. Kazi ya kuandika taarifa za nyimbo elfu moja inahitaji kibodi, skrini pana na programu inayoweza kubadilisha faili hamsini kwa mara moja. Laptopu iliyotumika inatosha, mradi iwe ya biti 64 na iwe na RAM ya gigabaiti 4. Hapo ndipo Linux inapoingia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine hizo bado nzima. Linux Mint ya toleo la Xfce inahitaji angalau RAM ya gigabaiti 2, inashauri 4, na haidai leseni wala ada. Kama una wasiwasi, huna haja ya kufuta chochote siku ya kwanza: weka faili la Mint kwenye flashi ya gigabaiti 8, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo, jaribu sauti, waya wa intaneti na Wi-Fi, kisha uamue. Faili hilo ni kubwa, karibu gigabaiti 3, kwa hiyo lipakue mara moja kwa bando la usiku au kwa fundi wa kompyuta mwenye intaneti ya kudumu, kisha mwachie nakala ili mwingine asilipakue upya.

Sababu ya pili ni flashi zenyewe. Yeyote aliyewahi kubadilishana nyimbo kwenye kibanda anakijua kirusi cha shotikati: unachomeka flashi, mafolda yote yamegeuka vialama vidogo, na ukibofya kimoja kirusi kinaingia kwenye mashine. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye Linux, shotikati hazina nguvu ya kuendesha chochote, na mafolda yaliyofichwa kwa kawaida yanaonekana yalivyo. Nakili muziki, futa faili zenye mwisho wa .lnk na .vbs, kisha urudishe flashi ikiwa safi. Hii haimaanishi kwamba Linux haishambuliwi kamwe. Inamaanisha kwamba mashambulizi yanayosambaa kwa flashi mitaani hayaipati.

Wapo wanaosema Linux ni ya mainjinia na haina Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na iliwezekana kwa sababu programu huria humruhusu mtu yeyote kuifungua na kuitafsiri. Ni kweli kwamba tafsiri ya Kiswahili kwenye Linux ya leo haijakamilika na menyu nyingi utazisoma kwa Kiingereza. Lakini kazi tunayoizungumzia hapa inahitaji programu nne au tano tu, na nyingi unazitumia kwa kubofya. Ugumu wa kweli uko kwa mwenye programu maalumu ya kazi inayotaka Windows. Huyo aweke mifumo yote miwili kwenye mashine moja, au atenge laptopu ya zamani kwa ajili ya muziki peke yake.

Kukusanya bila kuharibu

Kabla ya kuamini memori kadi mpya, ipime. Kadi bandia zimejaa sokoni: imeandikwa gigabaiti 128, ndani ina 8, na inaendelea kupokea nyimbo huku ikifuta zilizotangulia bila kukwambia. Linux ina programu ndogo iitwayo f3. Isakinishe, endesha f3write kwenye kadi ikiwa tupu, kisha f3read. Ya kwanza inaijaza kadi, ya pili inasoma kilichoandikwa na kukupa ukubwa wa kweli. Kipimo hicho huchukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, na kinastahili muda huo.

Kila kadi, flashi au CD unayoipata, inakili nzima kwenye folda moja uliyoipa jina Asili, ndani yake folda ndogo yenye tarehe na mahali ilipotoka. Folda hiyo usiiguse tena. Kazi ya kubadilisha majina ifanye kwenye nakala, kwa sababu jina baya la mwanzo wakati mwingine ndilo litakalokuonyesha baadaye nyimbo mbili zilitoka kwa mtu mmoja. Ukimaliza kunakili, usichomoe flashi mara tu mstari unapofika mwisho. Linux huandika data nyingine kwenye kumbukumbu kwanza na kuzipeleka kwenye flashi baadaye, kwa hiyo toa flashi kupitia kitufe cha kuitoa na usubiri ujumbe wa ruhusa. Tahadhari hii ina uzito mkubwa zaidi pale umeme unapokatika ghafla: nakili laptopu ikiwa na chaji ya kutosha.

Kaseti zina kipaumbele kuliko kitu kingine chochote, maana utepe unachakaa na redio kaseti zinazofanya kazi zinapungua. Unganisha tundu la hedifoni la redio kaseti na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya wenye pini za milimita 3.5, fungua programu ya Audacity, na urekodi kwa 44,100 hezi na biti 16. Sauti kubwa kabisa ifike karibu na desibeli 6 chini ya sifuri. Ikigonga sifuri itakwaruza na hakuna programu itakayoirekebisha vizuri. Rekodi upande mzima bila kukatiza, hifadhi kwa FLAC, ndipo ukate nyimbo moja moja. Kaseti ya dakika 60 bila kubanwa huchukua karibu megabaiti 600. FLAC huipunguza hadi karibu nusu bila kupoteza chochote cha sauti. Ila usigeuze MP3 kuwa FLAC ukidhani unaiboresha, kwani kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi; utakuwa umeongeza ukubwa tu. MP3 iache ilivyo, na kava la kaseti lipige picha pande zote kabla hujalirudisha kwa mwenyewe.

Kuandika taarifa ndani ya faili

Jina la faili hubadilika kirahisi, hasa likipita WhatsApp. Taarifa za kudumu huandikwa ndani ya faili lenyewe, kwenye lebo. Kwa MP3 lebo hizo huitwa ID3. Toleo lake la kwanza lilitoa nafasi ya herufi 30 tu kwa kichwa cha wimbo, ndiyo maana nyimbo za zamani zina majina yaliyokatika katikati. Tumia toleo la pili, ambalo halina kikomo hicho. Programu ya Kid3 inafaa kwa kazi hii: unachagua faili zote za kaseti moja, unaandika msanii, mwaka na mahali mara moja, na zote zinapokea. Ukishaandika hivyo, Rhythmbox, inayokuja na Mint, itakupangia maktaba kwa msanii, kwa mwaka au kwa aina, bila intaneti.

Amua kanuni zako mapema na uziandike kwenye karatasi. Msanii awe na jina moja kuu, na majina yake mengine yaende kwenye sehemu ya maelezo. Chagua tahajia moja, litungu au ritungu, usichanganye, la sivyo utafutaji utakuletea nusu ya nyimbo. Kwenye maelezo andika lugha, kijiji, tukio, chombo, aliyekupa wimbo na siku aliyokupa. Kisichojulikana kiandike haijulikani. Usikisie. Kosa lililoandikwa kwa uhakika linaenea haraka kuliko pengo lililo wazi, kwa kuwa kila anayenakili faili lako analichukua kama ukweli, na pengo angalau humwalika mtu kulijaza.

Ipo programu iitwayo Picard inayosikiliza wimbo, kuulinganisha na hifadhidata ya dunia na kuujazia lebo yenyewe. Kwa rumba ya Kongo au benga iliyotolewa kwenye albamu inasaidia sana. Kwa muziki wa Tarime na Serengeti uliorekodiwa majumbani haitakuwa na jibu, na hatari ni kwamba inaweza kupendekeza jibu lisilo sahihi. Itumie kwa kikundi kimoja cha nyimbo kwa wakati, soma pendekezo kabla ya kulihifadhi, na kamwe usiiache ibadilishe maktaba nzima usiku kucha.

Nakala tatu

Diski moja ikianguka, kazi yote imekwisha. Kwa hiyo weka nakala kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mbali, Musoma au Mwanza, ili moto au wizi wa nyumba moja usizichukue zote. Gharama si kubwa kama inavyodhaniwa: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 1 kwa dakika, kwa hiyo diski ya gigabaiti 500 inabeba nyimbo elfu tisini na zaidi za dakika tano tano. Amri moja ya Linux inatosha kuhuisha nakala: rsync -av, ikifuatwa na folda ya muziki, kisha folda ya kwenye diski. Inanakili yaliyoongezeka na kubadilika tu, na ikikatizwa njiani unairudia bila hasara. Usiongeze --delete hadi uelewe kwamba itafuta kwenye nakala chochote ulichokifuta kwa bahati mbaya kwenye asili. Mara moja kwa mwaka endesha rsync -avcn, ambayo inasoma faili zote pande mbili na kukutajia zinazotofautiana bila kubadilisha lolote.

Watu wenye majibu

Hifadhidata ya dunia haimjui mpiga litungu wa Nyamongo, lakini shangazi yake anamjua, na huenda yumo kwenye kundi moja la WhatsApp na watu wa kwao walioko Isebania, Dar es Salaam na Muscat. Kundi hilo ndilo kituo chako cha utafiti, mradi ujue kulitumia. Ukituma nyimbo ishirini na kuuliza nani anazijua, utapata vicheko na salamu. Tuma wimbo mmoja, kipande cha dakika moja, na swali lenye mipaka: sauti hii ni ya nani, na ilipigwa kijiji gani? Wazee wasiosoma ujumbe watajibu kwa sauti; zihifadhi sauti hizo kwenye folda ya wimbo, kwa sababu maelezo ya mzee ni sehemu ya historia yake. Majibu yakipingana, andika yote mawili na majina ya waliosema. Kisha rudisha matokeo kundini, maana mtu akiona jibu lake limeingia kwenye kumbukumbu atajibu na swali lijalo.

Wimbo kamili ukiutuma, utume kama hati na si kama sauti, ili jina la faili libaki. Na ukimrekodi msanii kwa simu, tumia programu ya kurekodi ya simu. Kitufe cha maiki cha WhatsApp hubana sauti kwa ajili ya mazungumzo, na nyuzi nane za litungu zikipita humo hupoteza mng'ao wake. Mbinu hii ya kuuliza vizuri itakufaa pia unapokwama kwenye Linux yenyewe. Jumuiya za watumiaji wake hujibu bure, ila hujibu aliyetaja toleo lake, alichofanya na ujumbe wa kosa ulivyotokea neno kwa neno.

Linabaki suala la haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mwimbaji hata kama hana studio wala albamu, na ina sehemu inayohusu pia sanaa za jadi. Kutunza na kuandika kumbukumbu nyumbani ni jambo moja. Kuuza nakala kibandani au kupandisha wimbo wa mtu YouTube ili ulipwe wewe ni jambo jingine. Mwombe msanii au familia yake ruhusa, iandike kwenye maelezo ya faili pamoja na masharti aliyotoa, na mpe nakala safi ya kazi yake. Nyimbo za sherehe ambazo wazee wanaona si za kusikilizwa na kila mtu, ziheshimu: ziweke kwenye folda yake na usizirushe kundini. Wengine watasema mambo haya ni ya makumbusho na serikali, si ya mtu mwenye laptopu moja. Makumbusho na vyuo vifanye yao, lakini havitafika kila harusi ya Natta na kila kaseti ya Nyarero, na vikifika vitahitaji mtu wa kuvionyesha nani ni nani. Anza na nyimbo kumi unazozijua kwa hakika, ziandike kikamilifu, zitolee nakala tatu, kisha chukua moja usiyoijua na umuulize mkubwa wako ni ya nani, kwa kuwa anayeijua bado yupo wa kuulizwa.